Sakafu ya Kuku wa Mauza

Mauza binti Ubeid hajui kukaa kitako. Nimeishi naye nyumba moja, mlango wangu na wake inatazamana ukumbini, na wallahi sijawahi kumwona akianza kikombe cha kahawa na kukimaliza mahali pamoja. Ataanza kukinywa mlangoni, atakimalizia uani, na kikombe mtakitafuta mpaka mkikute juu ya ukuta wa choo. Makubadhi yake yalipiga chapu chapu kutwa nzima, chapu chapu kwenda, chapu chapu kurudi. Siku nyingine nilikuwa napiga kelele kutoka chumbani, "Mauza, tulia basi, nyumba inazunguka!" Yeye anacheka tu, makubadhi hayo yanaendelea.

Ni Mwarabu wa Bagamoyo, mwembamba, macho makubwa, Kiarabu chake cha salamu na dua tu. Ameolewa mara tatu, ameachika mara tatu. Hapa Dar es Salaam alikwishapanga Gerezani, akapanga Ilala, akapanga mitaa miwili ya hapa hapa Kariakoo. Jirani akimtupia neno moja baya, Mauza habishani. Anakunja mkeka, anajitwika sanduku lake la mbao la kufuli ya shaba, alilorithi kwa mama yake, haoo, keshahama. Alipokuja kupanga kwa Bi Kuruthumu, mwenye nyumba wetu, sote tulisema huyu hamalizi miezi mitatu. Miaka miwili ikapita, bado yupo. Kilichomweka ni kuku.

Nazungumzia miaka ya Mwingereza, kabla ya vita ile ya pili. Mauza alikuwa na kuku ishirini na wawili na jogoo mmoja mwenye kiburi, kwenye banda la fito na udongo pale uani. Wapishi wa Uzunguni walikuja wenyewe asubuhi kuchukua mayai. Mayai ndiyo yaliyomlisha, ndiyo yaliyompangia chumba, na ndiyo yaliyomfungia mlango kaka yake Humoud.

Humoud alikuwa na duka Bagamoyo. Kila baada ya miezi michache alikuja, akaketi ukumbini na fimbo yake katikati ya magoti, akasema maneno yale yale. "Mwanamke wa kwetu hakai peke yake Kariakoo. Siku ukishindwa kujitunza, nakuja kukuchukua." Tena alikwisha kumtafutia mume wa nne, mjane mmoja mfanyabiashara wa mbata ambaye meno yamekwisha. Mauza aliniambia siku moja, anaosha bakuli huku anatembea nalo, "Waridi shoga yangu, kwa Humoud kuna chumba cha ndani hakina dirisha. Mimi nikitiwa mle, nakufa. Sisemi kwa mzaha, nakufa." Nilimwamini. Mtu ambaye ua mzima ulikuwa mdogo kwake, chumba kile kingemuua kweli.

Sasa nisemeje? Niseme tu, maana miaka mingi sikupenda kulisimulia, na haya yangu imekwisha kuzeeka pamoja nami.

Chumba changu kilikuwa cha mwisho, dirisha linatazama uani, na chini ya dirisha ndipo lilipo banda. Masika ya mwaka ule yalipoanza, udongo wa ndani ya banda uligeuka tope, tope likachanganyika na mavi, na harufu ikaingia chumbani kwangu kama mpangaji. Utitiri nao! Mume wangu alikuwa akirudi kutoka karakana ya reli Gerezani amechoka, anakaa kujikuna mpaka chakula kinapoa. Nilimwambia Mauza mara kumi. "Nitafagia, mwenzangu," anasema, na kweli anafagia, asubuhi, adhuhuri, alasiri, lakini tope litafagiliwa vipi? Unalisogeza tu likae upande wa pili.

Basi asubuhi moja nimeamka na kichwa kinagonga, nimekwenda sokoni, nikakutana na Bwana Afya. Eliakimu jina lake, kijana wa Kikristo wa huko Kilimanjaro, kaptula imenyooshwa, kitabu kwapani, anakagua mifereji. Nikafungua mdomo wangu huu. Nikamwambia nyumba fulani, mtaa fulani, uani kuna banda ni balaa. Nilitaka amkaripie kidogo, basi. Mungu ni shahidi, nilitaka harufu itoke, sikutaka mtu atoke.

Kesho yake akaja. Akainama akachungulia bandani, akatoka ameshika pua. "Bibi, nakupa siku kumi na nne," akamwambia Mauza. "Nataka sakafu ngumu, inayooshwa kwa maji, na maji yenyewe yatoke nje yasituame. Siku ya kumi na nne nakuja na ndoo yangu. Kama hakuna sakafu, kuku wote watoke mjini."

Bi Kuruthumu, ambaye hana dogo, akashika kiuno. "Na kuku wakitoka, mwanangu, kodi yangu utailipa na nini?"

"Basi ni Bagamoyo," Mauza akasema.

Mimi nilikuwa chumbani kwangu nimejifanya napepeta mchele. Mchele ulikwisha kupepetwa tangu jana.

Tangu saa ile nyumba haikupumua. Mauza alihamishia kuku wake kwenye matenga, akayapanga chumbani mwake hata kitandani, jogoo akawika juu ya mto. Yeye mwenyewe akatoka mbio kutafuta sakafu. Siku ya kwanza alirudi na madebe matupu ya mafuta ya taa, akayapasua, akayakunjua, akayagongelea chini pamoja na misumari ya kuokota. Lo, kelele! Alirudisha kuku, kuku wakakanyaga bati, wakateleza, wakapiga makelele kama wanachinjwa. Jua lilipopanda bati likawa kikaango. Kuku mmoja alisimama kwa mguu mmoja mpaka alasiri, anabadilisha, huu, huu. Siku ya tatu Mauza akang'oa vyote.

Akakimbilia Gerezani, akarudi amejitwika mbao za makasha. Mbao zikapangwa, zikapendeza, tukasema hewallah. Tulipomwaga maji, uchafu ukaingia katikati ya mbao ukalala humo raha mustarehe, na utitiri ukapata nyumba mpya. Aking'oa ubao mmoja kusafisha, wa pili unajipinda. Siku ya saba akaketi chini, nusu dakika hivi, akainuka. "Na saruji?" nikamwuliza. "Saruji ni ya majumba ya Uzunguni, Waridi. Usinitie wazimu." Akatoka tena.

Na mimi kila alipotoka nilitega sikio. Chapu chapu zikipotea barabarani, najiambia: akirudi nitamwambia. Zikirudi, najiambia: amechoka, nitamwambia kesho.

Siku ya nane alirudi na Fundi Mwinyikondo. Huyu alikuwa mzee mfupi mwenye majivuno marefu, fundi wa sakafu za chokaa, zile zinazomwagwa chokaa na mchanga na vipande vya matumbawe, kisha zikapigwa kwa magongo siku tatu mfululizo mpaka zishikane. Amepiga sakafu za majumba ya matajiri, naye hakuacha mtu asahau. Alipoonyeshwa banda aligeuka arudi zake.

"Mimi? Mwinyikondo? Nipige sakafu ya kuku?"

Mauza akamzunguka mbele. "Fundi wangu, usiifanye ya kuku. Ifanye kama ya ukumbi wa bibi harusi."

Mzee akasimama. Akajikuna ndevu. "Hapo sasa umesema neno," akasema, akakunja kanzu yake akaanza kupima. Sote tulicheka, hakuna aliyejua kwamba neno lile lile ndilo litakalotuponza.

Sakafu ya chokaa haipigwi na mtu mmoja. Mwenye kazi anatoa habari mtaani, wanawake wanakuja kila mmoja na gongo lake, wanajifunga vibwebwe, wanachuchumaa safu moja na kupiga kwa mpigo mmoja. Mwenye kazi anatoa kahawa na kashata. Tulikuwa kumi na mmoja. Banda halikutuenea, kwa hiyo Fundi alibomoa ukuta mmoja tupate kuingia kwa zamu. Kabla hatujaanza alituzuia. Alikuwa na sharti lake ambalo, alisema, hajawahi kuliacha.

"Mwenye kinyongo na mwenye kazi asiguse gongo. Sakafu aliyoipiga mwenye kinyongo hupasuka. Kuna mwenye kinyongo hapa?"

"Hatunaaa!" wakaitika wote.

Na mimi niliitika.

Tukapiga. Mtu hawezi kujua raha ya kazi ile mpaka ameifanya. Mpigo unaingia mwilini, gu, gu, gu, hata ukitaka kuacha mikono inakataa. Mmoja akatunga wimbo wa kumchokoza Mauza, "Kuku kapata jumba, sisi twalala nje," tukaitikia tunacheka, Mauza anazunguka na dele la kahawa, anammiminia huyu, anammwagia yule. Siku tatu tulipiga. Chokaa ikatoa maji, ikakauka, ikaanza kulia chini ya magongo kwa sauti ya kitu kigumu. Fundi akailainisha kwa jiwe la kuviringa. Ilikuwa nyeupe, laini, hata mimi nilitamani kuilalia.

Siku ya kumi na moja Mauza akaleta ndoo, akamwaga maji.

Maji yakatandaa. Yakajaa kona zote nne. Yakatulia.

Fundi Mwinyikondo akafurahi mpaka akapiga makofi. "Mnaona? Mnaona kazi ya mtu? Hayaendi popote! Sawasawa kama kioo!"

"Fundi," Mauza akasema taratibu, "yanatakiwa yaende."

"Yaende wapi?"

"Nje! Bwana Afya anataka yaende nje!"

Mzee akatutazama mmoja mmoja. "Bibi, wewe ulitaka ukumbi wa bibi harusi. Ukumbi gani una mteremko? Wageni waviringike?"

Ala! Wanawake kumi na mmoja, siku tatu, hapana hata mmoja aliyekumbuka mteremko. Tungekumbukaje? Sakafu tuliyoijua ni ya kutandikia mkeka na kukaa watu, na sifa yake ni kulala sawa. Mauza aliingia ndani. Mimi nilibaki natazama maji yale, na ndani ya kichwa changu sharti la Fundi linapiga gu, gu, gu. Nilijua ni mimi. Watu wanaweza kunicheka leo, lakini saa ile nilijua kabisa ni mimi niliyeiharibu.

Nikamfuata. Nikamkuta amepiga magoti chumbani, sanduku limefunguliwa, anatia kanga ndani hata hazijakunjwa, kuku wanamtazama kutoka kwenye matenga.

"Unafanya nini?"

"Nahama kabla sijahamishwa. Humoud asinikute hapa."

"Utahamia wapi na kuku ishirini na tatu?"

"Sijui! Niache!"

Akavuta mkeka aukunje, nami nikashika ncha ya pili. Yeye anavuta, mimi navuta, watu wazima wawili tunagombea mkeka kama watoto. Pale ndipo ningesema. Badala yake nikasema, "Nina chokaa."

Nilikuwa na mtungi mzima wa chokaa iliyoloweshwa, mume wangu ameiweka ya kupaka chumba sikukuu ikija. Tukautoa nje uani, watatu tukiubeba. Fundi akaichota kwa kidole, akaikagua kwa macho, akasema itafaa. Sakafu haijakomaa bado, akasema, itakubali kuongezwa. Akaichanja juu kwa ncha ya chuma ili chokaa mpya ishike, akainua upande wa nyuma vidole vitatu, akaushusha polepole mpaka mlangoni, na chini ya ukuta akatoboa tundu la kutolea maji kwenye mchirizi. Alifanya yote haya huku ananung'unika kwamba katika maisha yake hajawahi kutakiwa kufanya sakafu mbovu kwa makusudi.

Tukapiga upya. Safari hii hatukuimba, siku zilikuwa zimetubana. Mimi nilipiga mpaka viganja vikatoka malengelenge, yakapasuka, nikavifunga kwa kitambaa nikapiga tena. "Mwenzetu ana nguvu leo," wakasema. Mume wangu aliporudi akaona mtungi mtupu alisema mengi, nami nikanyamaza, jambo ambalo lilimtisha kuliko kelele zangu.

Siku ya kumi na nne Bwana Afya akaja na ndoo yake kama alivyoahidi. Tulijaa uani sote, Fundi amevaa kofia mpya. Mauza alikuwa anakwenda hatua tatu huku, hatua tatu kule, kanga ameitafuna ncha.

Eliakimu akamwaga. Maji yakashika njia, yakateremka, yakazunguka kidogo mlangoni, yakaingia tunduni. Tukayasikia yakiangukia mchirizini. Nyuma yao sakafu ikabaki nyeupe inang'aa.

Yule kijana akacheka. "Bibi, hata nyumbani kwangu sina sakafu kama hii," akasema, akaandika kitabuni. "Kuku wasiikanyage mpaka chokaa ikauke sawasawa. Wakae kwenye matenga kwanza. Umepita." Wanawake wakapiga vigelegele. Mauza alishika kichwa kwa mikono miwili.

Kisha Eliakimu akageuka. Akanitazama mimi, kwa uso mwema kabisa, wa mtu aliyemaliza kazi yake vizuri.

"Haya mama, wewe uliyenijia pale sokoni kushtaki. Sasa umeridhika?"

Vigelegele vikakatika. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na ardhi ndiyo kwanza tumeitia sakafu. Fundi Mwinyikondo hakunitazama mimi. Aliinama pale pale akaanza kupapasa chokaa kwa kiganja, akafika mlangoni, akasimamisha kidole. "Huu hapa," akasema. Ufa mmoja, mwembamba kama unywele. Yarabi toba, ni pale nilipochuchumaa mimi.

Mauza alikuwa amesimama. Makubadhi hayakulia. Miaka miwili nilikuwa nimemlilia atulie, na sasa ametulia, nami nikaona bora angenipiga. Akageuka akaingia ndani. Baada ya dakika tukasikia sanduku linaburutwa.

"Nenda kamwombe radhi," Bi Kuruthumu akaninong'oneza. Nililia pale pale, mbele ya Bwana Afya na kitabu chake.

Mauza akatoka amejitwika sanduku. Kufuli ya shaba haipo. Nikamzuia njiani. "Mauza, ni mimi. Harufu ilinishinda, hasira zikanishinda. Sikujua atakupa siku. Usihame, shoga yangu. Nitahama mimi."

"Nilijua," akasema.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ile ile. Mtu gani anapepeta mchele mchana kutwa? Nilikuwa nangoja useme mwenyewe, siku kumi na nne nangoja. Hata nilipokuona na mtungi nikasema, sasa atasema." Macho yake yalijaa machozi. "Ulinitia hofu, Waridi. Ulinitia hofu ya kufa."

Akanipita. Lakini hakwenda mlango wa barabarani. Alikwenda bandani, akalitua sanduku kando ya ukuta uliobomolewa, akalilaza ubavu, akashika kifuniko chake kwa mikono miwili akakivunja bawaba, kaa! Kisha akazoa nyasi kavu akazishindilia ndani.

"Sakafu hii ni ngumu," akasema, bado ananipa mgongo. "Kuku watatagia wapi, mayai yasipasuke? Wakirudi bandani watatagia humu."

"Na nguo zako?" Bi Kuruthumu akauliza.

"Nitapigilia misumari ukutani. Zamani kwa neno moja tu nilikuwa nahama. Sakafu hii nimeitolea jasho. Nitaibeba vipi kichwani?" Akachukua fagio la makuti na ndoo, akanijia, akanitia mikononi juu ya vitambaa vyangu vya malengelenge. "Na kuku wakirudi, utaosha wewe. Kila asubuhi. Ulitaka pawe safi."

Humoud alikuja miezi miwili baadaye, tayari kwa maneno yake. Akaonyeshwa sakafu, akaonyeshwa sanduku la marehemu mama yao, na kuku wanne wamelalia humo. Alilitazama sana. Akanywa kahawa, akarudi Bagamoyo peke yake.

Na mimi nimeosha. Nimeosha masika na kiangazi, nimeosha nikiwa na mimba, naye hakuniruhusu kukosa siku hata moja, na siku ambayo nyonga zangu zitakataa sijui tutafanyaje. Naanza nyuma kwenye mwinuko, nashuka na maji, naye nyuma yangu chapu chapu, kikombe mkononi, hakai, hatulii.

"Pale kwenye ufa, shoga," ananiambia kila siku. "Pale sugua vizuri."